Trekta kuukuu na mkopo wa mwalimu

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Mimi nashuku kwamba wahenga hao hawakuwahi kununua trekta kuukuu. Chuma kikuukuu kina tabia ya mgeni asiyeaga: kinaingia nyumbani kwa tabasamu, kinakula kilichopo jikoni, kisha kinauliza kesho mtapika nini.

Msomaji mpenzi, mimi si dereva wala fundi. Ni mwalimu wa hisabati mjini Nakuru. Lakini kwa miezi 48, kuanzia Novemba 2015, mkopo wa trekta la kubebea magogo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara wangu kabla sijaushika mkononi. Mtu anayekatwa pesa kwa sababu ya mashine hujifunza mashine hiyo hata kama hajawahi kuikalia. Ninaandika haya kwa ajili ya familia nyingi za mjini ambazo wakati fulani huitwa nyumbani na kuambiwa, "Mwanangu, mzee amestaafu, tununue kitu cha kutulisha." Mara nyingi kitu hicho huwa na magurudumu.

Kwetu ni Elburgon. Ukitoka Nakuru unapita Njoro, barabara inaanza kupanda, baridi inakaza, na harufu ya mbao mbichi inakupokea kabla hujaona duka la kwanza. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka wa 1901, ilipita huku, na vichwa vya treni vya siku hizo vilichoma kuni. Baadaye ikapandwa misonobari na saipresi kwenye miteremko ya Mau, viwanda vya mbao vikafuata, na jina la Timsales likajulikana kote nchini. Mtoto wa Elburgon huzoea mlio wa msumeno kabla hajazoea kengele ya shule.

Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mbao kwa miaka 34. Alianza akiwa mpakiaji, akawa utingo, akamalizia akiwa dereva wa trekta. Alipostaafu mwaka wa 2015 alilipwa mafao yake kwa mkupuo. Hayakuwa haba, lakini pia hayakuwa ya kujengea ghorofa. Baba hakutaka duka wala nyumba za kupanga. Alitaka kufanya kazi aliyoijua, ila safari hii akiwa mwenye mashine.

KIKAO CHA FAMILIA

Tulikutana nyumbani likizo ya Agosti. Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, anaishi Joensuu nchini Finland, kwa hivyo simu iliwekwa katikati ya meza kama sahani ya wali na kila mtu akainama kuisikiliza.

"Baba," ndugu yangu alisema, "huku hakuna mtu anayeinua gogo kwa mgongo. Nimeona fowada kuukuu inauzwa. Ukiiweka hapo Elburgon, utawashinda wote."

Huenda wewe pia hujawahi kuiona fowada, kwa hivyo nikueleze. Ni gari la msituni lenye magurudumu sita au manane, lililokatika kiunoni na kuunganishwa kwa kifundo ili lijipinde linapokata kona kati ya miti. Nyuma lina kitanda chenye nguzo za kuzuia magogo, na juu lina mkono wa chuma wenye kucha. Dereva hukaa ndani ya chumba chenye vioo, huyaokota magogo kwa mkono huo, huyapanga kitandani, kisha huyatoa msituni bila kuyakokota ardhini. Fowada za wastani hubeba kati ya tani 10 na 14. Mji huo anakoishi ndugu yangu ndiko kampuni ya John Deere inakotengenezea mashine zake za msituni, na Ponsse, jina jingine kubwa katika kazi hiyo, ni la huko huko Finland.

Ndugu yangu hakuwa akiota ndoto za mchana. Gogo lisilokokotwa halibebi mawe na mchanga wa kuharibu meno ya msumeno, na udongo wa mteremko haukwanguliwi hadi ukageuka mfereji. Pia hakuna mtu anayeweka mguu wake chini ya mzigo. Baba, ambaye kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilibaki kwenye mnyororo mwaka wa 1988, alisikiliza kwa hamu sana. Aliniangalia, akasema, "Mama, hebu piga hesabu." Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Nilichukua kalamu. Mzigo mmoja wa fowada ulikuwa sawa na safari mbili au tatu za trekta lenye trela la tani tano. Lakini mashine kubwa hulishwa na msitu mkubwa. Wenye viwanda vidogo ambao Baba alitarajia kuwafanyia kazi walikuwa wakipata vipande vya miti vya hapa na pale kutoka kwa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wengine walinunua mikaratusi ya mkulima, miti 30 hapa na 50 kule. Fowada ingemaliza kazi ya wiki kwa siku moja au mbili, kisha ilale. Isitoshe, ilihitaji kusafirishwa kwa meli hadi Mombasa, ipandishwe kwa lori la kitanda cha chini hadi huku mlimani, na ikiharibika kompyuta yake, fundi aulizwe kutoka nchi gani?

Hapo ndipo Mama, aliyekuwa akimenya viazi kwenye kigoda karibu na mlango, alipouliza bila kuinua macho: "Na siku ambazo hakuna magogo, huyo mnyama wenu atakula nini?"

Chumba kilinyamaza. Hata simu ilinyamaza, nikadhani salio limekwisha.

Swali hilo lilitupeleka kwenye Massey Ferguson 290. Ni trekta ambalo fundi yeyote wa Nakuru amewahi kulifungua. Injini yake ni Perkins ya silinda nne, yenye nguvu za farasi wapatao 80, na vipuri vyake utavipata bila kuvuka mpaka. Linaweza kuvuta trela la magogo leo na plau kesho. Nyuma lina shafti ya kuzungushia mashine nyingine. Ndugu yangu alikubali shingo upande, lakini alituma kitu kilichotufaa kuliko picha zake: orodha ya mahali wauzaji wa mashine kuukuu huficha maradhi.

KULICHAGUA

Orodha ya ndugu yangu ilianza na jambo moja: usiangalie rangi. Rangi mpya kwenye trekta la miaka 25 ni kama poda kwenye uso wa mgonjwa. Angalia viungo. Kwenye fowada, mnunuzi hukagua kifundo cha kiunoni na pini za mkono wa kuokotea. Kwenye trekta, hukagua pini ya katikati ya ekseli ya mbele, bosi za magurudumu na kishikio cha trela. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, jua kuna gharama.

La pili lilikuwa la Baba mwenyewe: lifikie trekta likiwa baridi. Weka kiganja kwenye injini kabla muuzaji hajaliwasha. Ikiwa ina joto, mwambie utarudi kesho asubuhi, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huwaka hata ikiwa mgonjwa. Siku tuliyokwenda kuona la kwanza, karibu na Molo, tulifika saa moja asubuhi na kulikuta tayari limenguruma. Muuzaji alisema alikuwa akilichangamsha kwa heshima yetu. Baba alimshukuru, tukanywa chai yake, tukaondoka.

La pili tulilikuta Rongai, baridi kama jiwe. Liliwaka kwa mzunguko wa tatu. Baba alisimama nyuma ya bomba la moshi kwa dakika kumi kama daktari anayesikiliza kifua. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huweza kuwa dizeli isiyochomeka au maji yanayoingia mahali pasipostahili. Mweusi maana yake dizeli imezidi hewa. Kisha alifungua kifuniko cha oili huku injini ikiwa inazunguka. Hewa kidogo si neno. Lakini ikitoka kwa kishindo kama sufuria ya ugali, basi pete za pistoni zimechoka. Alichomoa kijiti cha oili akakipangusa kwenye karatasi nyeupe. Oili iliyo kama chai ya maziwa ina maji.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa tambarare husahau. Elburgon iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa kwa tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Farasi 80 wa kwenye karatasi wanapofika kwetu wamebaki kama 60. Kwa hivyo trekta lililojaribiwa mahali pa chini likaonekana lina nguvu kidogo za ziada, huku juu halina ziada yoyote.

Tulijaribu breki. Matrekta haya yana pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili shambani dereva aweze kugeukia gurudumu moja. Kuna kikufuli cha kuziunganisha unapoingia barabarani. Kwenye lile la Rongai kikufuli hakikuwepo. Unapokanyaga pedali moja tu kwenye mteremko ukiwa na trela la tani tano, trekta hugeuka ghafla na mzigo hufuata. Baba alikataa kulilipia mpaka kikufuli kikapatikana. Muuzaji alicheka, akasema kitu cha shilingi mia chache kisituvunjie biashara. Baba alimjibu, "Cha shilingi mia chache ndicho kilichoniachia vidole tisa."

Mwisho nilikagua mimi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa pa mwalimu: karatasi. Nilihakikisha namba za injini na chesisi zinalingana na zilizo kwenye kitabu cha usajili, jina la muuzaji ndilo jina la mwenye trekta, na hakuna benki inayolidai. Trekta lenye deni la mtu mwingine huondoka kwako usiku kwa amri ya korti, na mkopo wako unabaki.

Tulinunua Oktoba 2015, mafao ya Baba yakilipa nusu na mkopo wangu nusu. Trela tulilitengenezewa na wachomeleaji wa Nakuru kwa ekseli ya lori kuukuu. Baba aliagiza nguzo za kando ziwe za kuchomoka. Sikuelewa sababu yake wakati huo.

UZITO WA GOGO MOJA

Wewe uliye mjini huliona gogo likiwa tayari limekuwa mbao ya dari au kabati la vyombo. Hebu tupime pamoja. Gogo lenye urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 40 lina ujazo wa mita mchemraba 0.38 hivi. Mti mbichi una maji mengi, na mita mchemraba moja hukaribia tani moja. Kwa hivyo gogo hilo moja lina kilo kama 350. Wape vijana wanne walinyanyue, na kila mmoja anabeba uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Magogo 14 yanajaza trela. Baada ya hapo trela lingine linasubiri.

Ndiyo sababu Baba hakukubali magogo yanyanyuliwe. Aliweka miti miwili imara kutoka ardhini hadi ubavuni mwa trela, kama ngazi isiyo na vipago, na vijana wakawa wanaliviringisha gogo kwa mitaimbo, mmoja kila upande akiwa na kabari ya kuzuia lisirudi. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama chini kati ya miti hiyo miwili. Ilikuwa kazi ya polepole. Wenye matrekta mengine walitupita.

Alikuwa na sheria nyingine mbili. Ya kwanza, gogo likivutwa kwa mnyororo, mnyororo ufungwe chini kabisa kwenye kishikio cha trekta, kamwe usifungwe juu. Mzigo ukikwama nawe umefunga juu ya ekseli, magurudumu ya nyuma yanakataa kusonga na trekta lenyewe linainuka mbele, likamwangukia dereva kwa mgongo kabla hajapata nafasi ya kukanyaga klachi. Ya pili, hakuna mtu kupanda juu ya magogo trela likitembea.

Sheria hii ya pili ndiyo iliyoleta manung'uniko. Vijana wamefanya kazi tangu alfajiri, wamelowa, mji uko kilomita nne, na mzee anawaambia watembee nyuma ya trela lenye nafasi ya kukaa! Dereva wetu alijaribu kuwatetea. Wawili waliacha kazi wakaenda kwa mwenye trekta asiye na masharti.

Mwezi wa Mei 2016, wakati wa masika, trela letu lilikuwa likishuka mteremko likiwa na magogo 12. Udongo wa kwetu ukilowa huteleza kama sabuni. Gurudumu moja la trela liliingia kwenye mfereji ambao mvua ya usiku ilikuwa imeuchimba, trela likaegama, pini ya kishikio ikakatika, na trela zima likapinduka. Magogo yalibingirika hadi kwenye kijito. Trekta lilibaki limesimama, dereva ameshikilia usukani kwa mikono miwili. Vijana watatu walikuwa hatua ishirini nyuma, wakitembea kwa miguu, wakinung'unika.

Nilisimuliwa haya kwa simu nikiwa chumba cha walimu. Mama alisema tu kwamba trela limepinduka na watu wote wako nyumbani wanakunywa uji. Nilikata simu nikaingia darasani, lakini somo nililofundisha siku hiyo silikumbuki. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini watu wa mzee hutembea.

DAFTARI LA MAMA

Kuliendesha trekta kuukuu ni kazi ya kila siku. Mama alichukua daftari la shule akalichora safu nne: siku, dizeli, safari na matengenezo. Kila jioni dereva hakupewa chakula kabla hajaripoti. Kwenye safu ya mwisho kulikuwa na alama ndogo ya grisi, kwa sababu pini ambayo haipakwi grisi kila asubuhi hulika, na pini iliyolika hula tundu lake, na tundu likishapanuka hupelekwa kwa fundi wa kereza mjini. Grisi ya mkebe mmoja huzuia safari nyingi za kereza.

Nilipofungua daftari hilo Desemba 2016, niliona mambo mawili. La kwanza, matairi yalikuwa yametugharimu kuliko injini. Visiki vya saipresi huchoma kama misumari, na tairi la nyuma la trekta si kitu cha kununua kwa pesa za sokoni. La pili lilinishtua zaidi. Kwa mwaka mzima trekta lilikuwa limebeba magogo siku 163 tu. Siku zilizobaki zilikuwa za mvua, za Jumapili, za kusubiri vibali na za kusubiri fundi. Lakini mkopo ulikatwa miezi yote 12 bila kuuliza hali ya hewa.

Hesabu hii ndiyo ningependa kila familia iifanye kabla ya kununua mashine yoyote ya kazi. Muuzaji atakwambia inaleta kiasi gani kwa siku. Mwulize ni siku ngapi.

MSITU ULIPOFUNGWA

Tarehe 24 Februari 2018 serikali ilitangaza kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Mito ilikuwa imepungua, na ukweli ni kwamba sisi wa Nakuru hatungeweza kubisha. Njoro unaoingia Ziwa Nakuru, Molo unaokwenda Baringo, Mara na Sondu zinazomwaga Ziwa Viktoria, yote chimbuko lake ni Mau. Nami pia hunywa maji, na wanafunzi wangu hali kadhalika.

Wazee wa Elburgon walikuwa wameyaona hayo. Mwaka wa 1999 msitu ulifungwa vile vile, isipokuwa kwa viwanda vichache vikubwa, na wengi wa wenye misumeno midogo hawakuinuka tena kwa miaka mingi. Safari hii siku 90 ziliongezwa, zikaongezwa tena, hadi zikawa miaka. Mji ulinyamaza. Vibanda vya chai vya wapakiaji vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wakapanda matatu kuja Nakuru na Nairobi kutafuta vibarua.

Nilikuwa nimelipa awamu 28. Zilibaki 20. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa ameingia kidato cha pili. Nilikaa na kalamu usiku nikijaribu kuyafanya makato, karo na kodi ya nyumba yatoshee kwenye mshahara mmoja, na hisabati, somo langu mwenyewe, ikanigomea.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Elburgon. Nilimkuta Baba na seremala wakizichomoa nguzo za trela na kufunga mbao za kando. Wiki hiyo hiyo trekta lilikwenda Mau Narok kulima, maana msimu wa kupanda ulikuwa umewadia. Baada ya mavuno lilibeba viazi vya Molo na Kuresoi kutoka mashamba ambayo lori haliwezi kuyafikia kukiwa na tope. Kiangazi lilivuta tangi la maji. Pesa hazikufikia zile za magogo, na kuna miezi miwili niliyolipa awamu kutoka mfukoni mwangu bila mchango wa nyumbani. Lakini mashine haikulala.

Jirani mmoja alikuwa na mashine nzuri kuliko yetu, ya kukokotea magogo tu, yenye winchi kubwa nyuma. Ilisimama kwenye ua wake hadi nyasi zikaifikia kitini. Mwishowe aliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Siku walipoikata kwa gesi, Baba alikwenda kukaa naye, wakanywa chai bila kuzungumza sana. Wote wawili walijua kwamba mtu huyo hakuwa mvivu wala mjinga.

Awamu ya mwisho ilikatwa Oktoba 2019. Ndugu yangu alipiga simu kutoka Joensuu na jambo la kwanza aliloomba ni kuzungumza na Mama.

Tarehe 2 Julai 2023, akiwa Molo, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, na vijana wetu wakatoka mitaani wakishangilia. Mwezi uliofuata mahakama ikausimamisha kwa muda uamuzi huo. Yaani msitu hufungwa na kufunguliwa kwa mkono ambao si wa mwenye trekta. Baba alikubali hilo mapema kuliko sisi. Nguzo za trela zinawekwa karibu na ukuta, mbao za kando upande wa pili, na kubadilisha huchukua asubuhi moja.

Kwa hivyo, msomaji, ukiitwa nyumbani kwa kikao kama kile chetu, usiende na picha za mashine peke yake. Nenda na maswali. Ni nani atakayeitengeneza, na anaishi umbali gani? Itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Kazi yake ya kwanza ikifungwa, ya pili ni ipi? Watakaoipakia watasimama wapi mzigo ukiteleza? Waulize hata walio kimya, hasa anayemenya viazi karibu na mlango.

Majibu yakiridhisha, amkeni mapema mwende kwa muuzaji, na mwekeni kiganja kwenye injini kabla ya kumsalimia.